"Faida ni ya bwana wangu": rushwa ndani ya Kanisa la Uingereza katika Zama za Kati

Tarishi wa mahakama ya Kanisa anabisha mlangoni kwa bibi kizee mjane. Amekuja na wito: kesho bibi afike mbele ya arkidikoni kujibu mashtaka, na asipofika atatengwa na Kanisa. Bibi anasema ni mgonjwa, ubavu unamchoma, hawezi kutembea wala kupanda farasi mwendo wote huo. Anaomba apewe mashtaka kwa maandishi ili atume wakili amjibie. Tarishi anamkata kauli: atoe peni 12 sasa hivi, yaishe. Halafu anaongeza maneno ambayo yeyote aliyewahi kudaiwa kitu kidogo kwenye dirisha la ofisi atayatambua: mimi hapo sipati kitu cha maana, faida ni ya bwana wangu, si yangu.

Kisa hiki kimo katika Hadithi za Canterbury, visa ambavyo kundi la mahujaji wanasimuliana njiani kwenda Canterbury, ambazo mshairi Geoffrey Chaucer alianza kuziandika karibu na mwaka 1387, akafariki mwaka 1400 kabla hajazimaliza. Peni 12 zilikuwa shilingi nzima. Sheria ya vibarua ya mwaka 1351 ilikataza mvunaji wa nafaka asilipwe zaidi ya peni mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo bibi yule anadaiwa malipo ya siku nne hadi sita za kuinama shambani. Hana. Tarishi anatishia kuondoka na kikaango chake kipya, na kumsingizia juu ya hayo kwamba zamani alizini nje ya ndoa, naye tarishi ndiye aliyemlipia faini.

Visa vya namna hii husomwa mara nyingi kama maonyesho ya watu wabaya: mtawa mlafi, padre mzinzi, mwuzaji wa mifupa ya nguruwe. Mimi naona usomaji huo unaacha nje jambo zito zaidi. Tarishi anaposema faida ni ya bwana wake, anadanganya, maana Chaucer ametuambia kwamba bwana wake huambulia nusu tu ya kinachostahili kumfikia. Lakini pia anasema kweli. Nyuma yake kulikuwa na mahakama halali, na nyuma ya mahakama kulikuwa na mpango wa mapato uliowalea watu kama yeye. Tusipouelewa mpango huo, hatutaelewa kwa nini karne nzima ya malalamiko, mashairi na sheria haikuwaondoa.

Mahakama iliyoingia hadi chumbani

Uingereza ya karne ya 14 ilikuwa na mahakama za namna mbili. Za mfalme zilishughulikia ardhi, wizi na mauaji. Za Kanisa zilishughulikia ndoa, uzinzi, wosia wa mali zinazohamishika, kashfa, riba, ahadi zilizovunjwa na fungu la kumi lisilolipwa. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba ni maisha ya kila siku ya mtu wa kawaida. Mkulima angeweza kuzeeka bila kukanyaga mahakama ya mfalme, ila mahakama ya arkidikoni, yule msaidizi wa askofu aliyesimamia nidhamu ya mapadre na waamini katika sehemu ya jimbo, ilikuwa na neno juu ya nani analala na nani, marehemu ameacha nini, na jirani amemtukana nani baada ya kulewa.

Adhabu zilikuwa za kuaibisha: kuzunguka kanisa bila viatu na mshumaa mkononi, au kuchapwa viboko mbele ya watu. Adhabu hizo ziliweza kugeuzwa fedha, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwenye uwezo angelipa kuliko kutembea na mshumaa mbele ya wakwe zake. Kila hatua ilikuwa na ada yake: ada ya wito, ada ya karani, ada ya muhuri. Aliyekaidi alitengwa na Kanisa, na baada ya siku 40 askofu aliweza kumwandikia mfalme ili mtu huyo akamatwe na kufungwa mpaka atii. Kwa hiyo karatasi ya tarishi ilikuwa na jela nyuma yake.

Matarishi wenyewe waliishi kwa ada hizo. Walizunguka vijijini, wakalala kwa mapadre, wakala chakula chao, wakasikiliza umbeya. Maaskofu walijua. Mwaka 1342 Askofu Mkuu John Stratford wa Canterbury alitoa kanuni za kupunguza idadi yao na kuwazuia wasigeuke mzigo kwa mapadre wa parokia. Kanuni ya namna hiyo haitungwi ila pale malalamiko yameshafika juu kabisa.

Tarishi katika kisa cha mjane ana mbinu zinazotisha kwa ufundi wake. Ana makahaba wanaompasha habari za wanaume waliowatembelea. Anaandika wito wa uongo, anawaita mwanamume na mwanamke pamoja, anamwachilia mwanamke, anamkamua mwanamume. Wasiojua kusoma anaweza kuwaita bila karatasi yoyote, nao hufurahi kuujaza mfuko wake ili awaache. Njiani anakutana na kijana aliyevaa kijani, wanaapa kuwa ndugu, na yule kijana anamfichulia kwamba yeye ni shetani. Tarishi hashtuki hata kidogo. Wanaendelea pamoja kama watu wa kazi moja.

Wanamkuta mwenye mkokoteni uliokwama matopeni akiwalaani farasi wake, shetani awachukue wao na mkokoteni na nyasi zote. Tarishi anamhimiza mwenzake: chukua, umepewa. Shetani anakataa, kwa kuwa mtu yule hakumaanisha. Kweli, farasi wanapovuta mkokoteni ukatoka, mwenyewe anawabariki. Lakini bibi mjane anapomwombea tarishi aende kwa shetani pamoja na kikaango, shetani anamuuliza kama amemaanisha, naye anasema ndiyo, isipokuwa kama huyu atatubu. Tarishi anasema hana nia ya kutubu. Kazi imekwisha. Shetani anamchukua yeye na kikaango. Ona kwamba shetani katika kisa hiki anafuata utaratibu wa ushahidi na nia kuliko mtumishi wa mahakama ya Mungu. Katika fasihi ya Kiingereza ya wakati ule sijui shutuma iliyo kali kuliko hiyo.

Msafara wa mahujaji wenyewe una tarishi wa pili, aliyeelezwa kwa karibu zaidi: uso mwekundu wenye majipu, watoto wanamkimbia, anapenda vitunguu saumu na divai nzito. Anajua maneno mawili matatu ya Kilatini aliyoyaokota kwa kuyasikia mahakamani siku nzima. Kwa chupa ya divai atamwacha mtu aishi na kimada mwaka mzima. Anawaambia rafiki zake wasiogope laana ya arkidikoni, isipokuwa kama roho zao zimo katika mikoba yao, kwa maana "mkoba ndio jehanamu ya arkidikoni". Chaucer anaingilia kati mara moja kusema hapo mtu huyo anadanganya, kila mwenye hatia yampasa aiogope laana. Lakini maneno yameshasemwa na msomaji ameshayasikia.

Rehema zilizotoka Roma zikiwa moto

Muuza rehema anahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi hudhani kazi yake ilikuwa utapeli mtupu tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Mafundisho ya Kanisa yalisema, na Wakatoliki wanafundishwa hivyo hadi leo, kwamba anayeungama na kutubu husamehewa hatia, lakini hubaki na adhabu ya muda ya kulipia hapa duniani au toharani. Rehema ilipunguza adhabu hiyo kwa mtu aliyekwisha kutubu, kwa sharti la tendo jema: sala, hija, au sadaka ya kujenga daraja au kutunza hospitali ya maskini. Mwaka 1343 Papa Klementi wa Sita alieleza rasmi kwamba rehema hutolewa kutoka katika hazina ya mastahili ya Kristo na watakatifu. Kwa hiyo muuza rehema hakuwa na mamlaka ya kusamehe dhambi. Alikuwa mkusanyaji wa michango, mwenye barua ya kuthibitisha kwamba mchango huo una rehema ya siku kadhaa.

Tatizo lilijulikana mapema. Mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1215, uleule uliomtaka kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, uliwaonya wakusanyaji wa michango kuhusu uongo katika mahubiri yao, na ukaweka mipaka: mwaka mmoja wa rehema kwa kutabaruku kanisa, siku 40 kwa kumbukumbu yake. Tatizo lenyewe lilikuwa katika namna ya kuajiri. Hospitali iliyohitaji fedha ingemwachia mtu haki ya kukusanya kwa jina lake, naye akaleta kiasi walichokubaliana na kubaki na kinachozidi. Kila neno la kutisha katika mahubiri lilikuwa na thamani yake sokoni.

Muuza rehema wa Chaucer anatoka Rouncivale, hospitali ya Charing Cross, London, iliyokuwa tawi la nyumba ya kitawa ya Roncesvalles kule Navarre, kaskazini mwa Hispania. Wasomaji wa kwanza wa Chaucer hawakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa katika miaka ya 1380 amri za mfalme zilitolewa dhidi ya watu waliokusanya sadaka kwa jina la hospitali hiyo na kuzitia mifukoni mwao. Mtu huyu ana begi lililojaa rehema "zilizotoka Roma zikiwa moto". Ana foronya ya mto anayodai ni shela ya Bikira Maria, ana kipande cha tanga la mashua ya Mtume Petro, ana mifupa ya nguruwe ndani ya chupa anayoipitisha kama masalia ya watakatifu. Siku moja kijijini, anasema Chaucer, alipata fedha nyingi kuliko padre wa pale alizopata kwa miezi miwili.

Naye muuza rehema anawaeleza mahujaji wenzake siri za kazi yake, tena kwa kujivuna. Andiko lake ni moja kila mahali: shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha. Anahubiri dhidi ya uchoyo ili watu waachilie fedha, na wakiachilia anazipokea yeye. Sikiliza mbinu yake kanisani. Anatangaza kwamba kama kuna mtu humu mwenye dhambi ya kutisha asiyethubutu kuiungama, au mwanamke aliyemsaliti mumewe, mtu huyo hatakuwa na uwezo wala neema ya kuja kutoa sadaka mbele ya masalia haya. Basi nani atabaki kitini? Mwanamke ambaye hatatoa sadaka amejitangaza mzinzi mbele ya kijiji. Wote wanakuja. Anasema atachukua hata kwa mjane maskini kuliko wote, watoto wake wafe njaa ikibidi. Pato lake la mwaka analitaja: marki 100, yaani pauni 66 na ushei. Sheria ya mwaka 1362 ilitaka padre msaidizi wa parokia asilipwe zaidi ya marki sita.

Lakini mahubiri yake ni mazuri kweli. Kisa cha walevi watatu wanaotoka kumwua Mauti, wakaelekezwa kwenye mti na kukuta rundo la dhahabu, kisha wakauana wote kwa ajili yake, ni miongoni mwa hadithi zilizosukwa vizuri kuliko zote katika Kiingereza. Chaucer anatuachia swali lililowasumbua wanateolojia wa wakati wake: je, neno jema linalotoka katika kinywa kichafu linaweza kumwokoa msikilizaji? Jibu rasmi lilikuwa ndiyo, neema haitegemei usafi wa mhudumu. Jibu hilo lilimfariji mwamini, lakini lilimpa pia muuza rehema mahali pa kujificha.

Miaka kama kumi kabla ya hapo, William Langland alikuwa ameshamchora mtu wa namna hii katika utenzi wake *Piers Plowman*. Muuza rehema anahubiri kana kwamba ni padre, anaonyesha barua yenye mihuri ya askofu, watu wanapiga magoti kuibusu, naye anakwangua pete na bizimu zao. Halafu Langland anafanya jambo ambalo Chaucer hulikwepa. Anapandisha macho: kama askofu angekuwa mtakatifu na anastahili masikio yake mawili, muhuri wake usingetumwa kudanganya watu. Anaongeza kwamba padre wa parokia na muuza rehema wanagawana fedha ambazo maskini wangepata. Mwaka 1414 Chuo Kikuu cha Oxford kilimwandikia Mfalme Henry wa Tano mapendekezo ya kurekebisha Kanisa, na wauza rehema wakafananishwa na watu wawili wa Biblia: Simoni mchawi katika kununua kazi yao, na Gehazi, mtumishi mwenye tamaa wa nabii Elisha, katika kuuza rehema. Baadaye katika karne hiyohiyo Thomas Gascoigne, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo hicho, aliandika kwamba watu wanasema hadharani hawajali watende maovu mangapi, kwa kuwa barua ya msamaha inapatikana kwa peni nne au sita.

Mapato yalikokaa

Tarishi na muuza rehema ndio waliofika mlangoni, kwa hiyo ndio waliochorwa. Vigogo hawakuwa njiani. Ukiwahesabu mahujaji wa Chaucer utampata mtawa anayependa kuwinda, mkuu wa masista anayewalisha mbwa wake nyama choma na maziwa, na mtawa ombaomba mwenye maneno matamu. Humwoni askofu. Humwoni arkidikoni. Nafikiri Chaucer, mtu wa serikali aliyekuwa mkaguzi wa ushuru wa sufu katika bandari ya London tangu 1374 hadi 1386, alijua vizuri pa kunyamaza.

Kiini cha mambo kilikuwa kile kilichoitwa benefisi. Kila parokia ilikuwa na pato lake: fungu la kumi la nafaka, wanakondoo, maziwa na asali, ardhi ya kanisa, sadaka za sikukuu, na hata mnyama mmoja kutoka kwa familia iliyofiwa. Pato hilo lilikuwa haki ya mtu aliyeteuliwa, na haki ya kumteua ilikuwa mali ya mtu mwingine: kabaila, monasteri, askofu au mfalme. Haki hiyo ilirithiwa na iliuzika. Mteule hakulazimika kuishi pale. Aliweza kupata ruhusa, akamweka padre wa bei nafuu ahudumie watu, na tofauti ikawa yake. Monasteri nyingi zilijitwalia parokia nzima kwa njia hiyo.

Mwana wa kabaila wa Gloucester, Bogo de Clare, aliyefariki mwaka 1294, alishika parokia zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja. Mwaka 1366, Papa Urbano wa Tano alipotaka orodha ya wenye benefisi nyingi, William wa Wykeham alionekana na mapato ya Kanisa yanayozidi pauni 800 kwa mwaka, naye bado hajawa askofu. Nani aliyempa? Mfalme Edward wa Tatu, ambaye Wykeham alimsimamia majengo na kumtunzia muhuri. Hapa ndipo mpango wote unapoonekana: mfalme hakuwa na fedha za kulipa makarani wake, basi aliwalipa kwa parokia. Fungu la kumi la mkulima wa kijiji cha mbali lilikuwa mshahara wa ofisa wa Westminster. Wykeham baadaye alianzisha New College kule Oxford na shule ya Winchester, na wanafunzi maskini walisoma humo. Hakuwa mwizi kwa vipimo vya sheria ya wakati wake. Ndiyo maana sidhani kwamba neno rushwa, kama tunavyolitumia kwa mtu anayevunja sheria, linatosha. Sehemu kubwa ya uozo huu ilikuwa na muhuri na risiti.

Hata wakosoaji walikuwa ndani yake. John Wyclif, mwanateolojia wa Oxford aliyelishambulia Kanisa kuliko mtu yeyote wa karne hiyo, alikuwa na nafasi yenye pato katika kanisa la Westbury-on-Trym, na uchunguzi wa mwaka uleule wa 1366 ulimkuta hayupo, yeye na wenzake.

Roma, na kuanzia mwaka 1309 Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo walikohamia mapapa, ilikuwa na mkono wake pia. Papa aliteua watu katika nafasi za Uingereza, wengine wasioijua hata lugha. Mwaka 1253 Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln, alitakiwa ampe nafasi katika kanisa lake kuu mpwa wa Papa Inosenti wa Nne. Alikuwa mzee, amebakiza miezi tu ya kuishi. Alijibu kwamba kwa utii wa mwana, hatii, anapinga, anaasi. Naipenda barua hiyo kuliko kejeli zote za washairi, maana aliyeiandika alikuwa na cha kupoteza. Bunge lilipitisha sheria za kuzuia uteuzi wa Papa mwaka 1351 na 1353, lakini mfalme aliendelea kukubaliana na Papa pale ilipowafaa wote wawili.

Kisha tauni ya 1348 na 1349 iliua mapadre wengi mno, hasa wale waliokwenda kuwahudumia wagonjwa wao. Waliobaki walidai malipo makubwa, kama walivyofanya vibarua, na mwaka 1350 Askofu Mkuu Simon Islip akatoa agizo la kukemea uchoyo wao na kuwawekea kikomo. Katika utenzi wa Langland, mapadre wanamlilia askofu kwamba tangu tauni parokia zao ni maskini, wanaomba wakakae London wakiimba misa za marehemu, kwa kuwa fedha ni tamu. Mimi siwezi kuwahukumu wote. Padre wa marki sita, aliyeachiwa kijiji kilichokufa nusu huku pato la parokia likienda monasterini, alikuwa na sababu ya kutazama barabara ya London.

Watawa ombaomba walikuwa na njia yao. Wadominiko walifika Uingereza mwaka 1221 na Wafransisko 1224, bila mali, na watu waliwapenda. Kwa ruhusa ya kuungamisha waliingia katika mapato ya padre wa parokia. Mwaka 1357 Richard FitzRalph, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, alisimama mbele ya Papa kule Avignon kuwashtaki. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu haendi kuungama kwa padre anayemjua ikiwa mgeni anapita na kumpa malipizi mepesi kwa fedha. Langland anaitia hoja hiyo katika kisa kimoja kifupi. Bibi Hongo, aliyevaa pete na manyoya ya bei, anaungama kwa mtawa. Mtawa anamwondolea dhambi, kisha anamwambia kanisa lao linajengewa dirisha la vioo, akigharamia jina lake litaandikwa humo na roho yake itakuwa na uhakika wa mbinguni.

Waliolaumu walikuwa waamini

Ni kosa kumsoma Chaucer au Langland kama mtu aliyeichoka dini. Katika msafara uleule yumo padre wa parokia, maskini, ambaye hapendi kumtenga mtu kwa sababu ya fungu la kumi, anayetembea kwa miguu na fimbo yake katika mvua na ngurumo hadi nyumba ya mbali kabisa, asiyempangisha mwingine parokia yake ili akimbilie misa za malipo katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Dhahabu ikishika kutu, anasema, chuma kifanyeje? Chaucer hakumwekea hata neno moja la kejeli. Langland naye anamaliza utenzi wake kwa Dhamiri, aliyechorwa kama mtu, kuondoka kwenda kumtafuta Piers, yule mkulima mwadilifu wa utenzi, baada ya mtawa kuwalegeza watu kwa maungamo ya bei rahisi. Kipimo walichotumia kuwapimia viongozi wa Kanisa walikipokea kanisani, katika mahubiri. Thomas Brinton, askofu wa Rochester, alikuwa akisema maneno makali kama hayo mimbarini katika miaka ileile.

Fasihi ina mazoea yake pia. Mtawa mlafi na karani mla hongo walikuwepo katika tungo za Kilatini tangu karne ya 12, ikiwemo injili ya mzaha "kwa mujibu wa Marki ya Fedha", kwa hiyo si kila sura ni ripoti. Kumbukumbu za ukaguzi wa jimbo la Hereford wa mwaka 1397 zinasaidia, kwa kuwa ndani yake waamini wenyewe wanasema: padre huyu ana kimada, yule anakopesha kwa riba au anachuuza nafaka, mwingine haonekani siku ya misa. Kule Garway, mpakani na Wales, walilalamika kwamba padre wao hajui Kiwelisi na wengi wao hawajui Kiingereza. Hakuna shetani wa kijani hapo. Kuna watu walioachwa.

Hasira ilikuwepo hata hivyo. Tarehe 14 Juni 1381, waasi waliochoshwa na kodi ya kichwa walimkata kichwa Simon Sudbury, askofu mkuu wa Canterbury, ambaye ndiye aliyekuwa pia chansela wa mfalme. John Ball, miongoni mwa viongozi wao, alikuwa padre. Baada ya hapo ukosoaji na uzushi vilianza kuonekana kitu kimoja machoni pa watawala. Mwaka 1401 padre William Sawtre alichomwa London na sheria ya kuwachoma wazushi ikapitishwa, na mwaka 1409 Askofu Mkuu Thomas Arundel akatangaza kanuni za kubana mahubiri na tafsiri za Biblia kwa Kiingereza. Uhuru aliokuwa nao Chaucer wa kuwachora watu wa Kanisa ulikuwa umepungua kabla mwili wake haujaoza.

Muuza rehema alikuja kuondoka. Katika Kanisa Katoliki kazi yake ilifutwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1562, na Uingereza ilikuwa imeshamfuta kwa kuachana na Roma katika miaka ya 1530. Lakini Henry wa Nane alipojitangaza mkuu wa Kanisa, mahakama za maarkidikoni hakuzigusa. Matarishi waliendelea kupeleka wito na kudai ada chini ya maaskofu wa Kiprotestanti, Bunge likawanyang'anya meno mwaka 1641, wakarudi mwaka 1661. Kesi za ndoa na wosia zilibaki mikononi mwa Kanisa hadi sheria za 1857. Na kushika benefisi nyingi, desturi iliyomtajirisha Bogo de Clare, kulipigwa breki ya kweli na sheria ya mwaka 1838, iliyoamuru mchungaji asishike parokia zaidi ya mbili, nazo ziwe ndani ya maili 10.